Uzi maalumu wa rangi ya nywele: kupaka, kutunza, na kurekebisha iliyoharibika

FundiRangi

Wakuu, salaam.

Maswali ya rangi ya nywele yametapakaa kwenye nyuzi nyingi humu. Mmoja kauliza kuhusu mvi kajibiwa nusu, mwingine nywele zinamkatika baada ya blichi na hakuna aliyemjibu kabisa. Nimeona tuyakusanye hapa. Mimi ni msusi na kazi yangu kubwa ni rangi, kwa hiyo nitaeleza ninayoyajua, na wasusi wenzangu mliomo mtaongezea.

Naanza na linalowasumbua wengi. Rangi inapauka haraka, na lawama zote zinapelekwa kwenye shampuu. Shampuu kali inachangia, sikatai, lakini kinachoitoa rangi kwa kiasi kikubwa ni maji yenyewe. Unywele ukiloa unavimba, magamba yake ya nje yanainuka, na chembe za rangi zilizoko ndani zinapata njia ya kutokea. Ndiyo maana anayeosha kila siku kwa shampuu ya hali ya juu anaweza kupauka kabla ya mwenzake anayeosha mara moja kwa wiki kwa shampuu ya kawaida. Ukitoka na jambo moja tu kwenye uzi huu, toka na hilo: punguza kuziloanisha.

Sasa tuangalie unywele wenyewe. Nje una magamba membamba yaliyolaliana, ncha zake zikielekea chini. Ndani yake kuna koteksi, na humo ndimo imo melanini inayoupa unywele rangi ya asili. Ziko aina mbili, yumelanini inayoleta weusi na kahawia, na feomelanini inayoleta wekundu na manjano. Rangi tunazopaka zinatofautiana hasa kwa jambo moja, zinafika wapi. Rangi ya kupita inakaa juu ya magamba, ukiosha imeondoka. Semi inapenya kidogo, haina peroksaidi (kemikali inayopausha), haiwezi kuufanya unywele mweusi uwe mwangavu, na inatoka taratibu kadiri unavyoosha. Demi ina peroksaidi kidogo na inadumu zaidi ya semi. Halafu kuna pamanenti, na hapa nitakaa.

Kwenye pamanenti, kilichomo kwenye tyubu bado si rangi. Ni chembe ndogo zisizo na rangi, mara nyingi kemikali iitwayo PPD au ndugu zake. Amonia inayainua magamba, chembe zinaingia zikiwa bado ndogo. Peroksaidi inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaipausha melanini yako, na inaziunganisha zile chembe mpaka zinakuwa kubwa na zenye rangi. Zikishakuwa kubwa haziwezi kutoka kirahisi zilikoingilia. Kazi hiyo inataka muda, kwa kawaida dakika 30 hadi 45, kufuatana na maelekezo ya pakiti. Ukiosha dakika ya 15 kwa sababu kwa nje unaona tayari imekolea, unaondoa chembe ambazo hazijaungana. Leo itapendeza, ukishaosha mara chache imeyeyuka. Wengi wanaodai rangi fulani ni feki, tatizo lao liko hapo.

Kemia hii ina historia ndefu. Mwaka 1907 Mfaransa Eugène Schueller, ambaye baadaye alianzisha L'Oréal, alitengeneza rangi ya nywele ya maabara akawa anawauzia wasusi wa Paris. Pamanenti nyingi za leo bado zinafuata njia ya kuunganisha chembe ndani ya unywele.

Chupa ya peroksaidi imeandikwa namba 10, 20, 30 au 40. Hizo ni sawa na asilimia 3, 6, 9 na 12. Namba 10 ni ya kuweka rangi bila kung'arisha. Namba 20 ndiyo ya mvi na ya kung'arisha ngazi moja au mbili (ngazi ni kipimo cha mwanga wa nywele). Kuanzia 30 unahitaji mkono unaojua kazi, na 40 mimi siigusishi ngozi ya mtu.

Ulizeni.

Tausi22

Dada, ahsante kwa uzi huu. Nywele zangu ni nyeusi, sijawahi kuweka dawa. Nilienda saluni nikitaka kahawia hafifu, wakanipaka blichi. Nimetoka na rangi ya chungwa kali, na mashina ndiyo yanang'aa kuliko ncha. Niliyemuachia kichwa ananiambia nioshe mara kwa mara itapoa. Naogopa nisije nikaharibu zaidi.

FundiRangi

Pole sana mdogo wangu. Acha kuosha osha. Hilo chungwa hukupakwa, ni melanini yako iliyobaki baada ya blichi kula sehemu yake, na shampuu haina uwezo wa kuitoa.

Wasusi tunapima mwanga wa nywele kwa ngazi, 1 ikiwa nyeusi tii na 10 manjano hafifu kabisa. Nywele nyeusi ikipaushwa inapita nyekundu ya giza, kisha nyekundu yenye chungwa, kisha chungwa lenyewe, ndipo ifike kwenye manjano. Hakuna kichwa kinachoruka hatua, ila wengine wanapita haraka. Wewe umesimamishwa katikati ya safari halafu ukaachwa hapo bila kumaliziwa.

Mashina yameng'aa kwa sababu joto la kichwa linaharakisha blichi. Kwa nywele ambayo haijawahi kuguswa, tunaanza sentimita moja au mbili kutoka kwenye ngozi, tunashuka kuelekea kwenye ncha, na mashina tunayapaka mwisho. Aliyekupaka alianzia juu kama anavyofanya ritachi, yaani kupaka mashina mapya yaliyoota.

Habari njema ni kwamba kwa kahawia hafifu huhitaji blichi nyingine. Unahitaji tona, yaani rangi ya kuzima ile usiyoitaka. Bluu inalizima chungwa, zambarau inaizima manjano, kijani kinaizima nyekundu. Kwa hiyo tafuta demi ya kahawia yenye majivu, yaani yenye bluu ndani yake, kwa ngazi uliyopo au moja chini yake. Changanya na peroksaidi dhaifu, 10 au ile ya chini zaidi inayokuja na demi. Mashina yapate shedi iliyokolea kidogo kuliko ncha ili vilingane. Kabla ya kichwa kizima paka kishungi kimoja nyuma ya sikio, acha muda wake wote, osha, kausha kabisa ndipo uangalie. Nywele mbichi huonekana nyeusi kuliko ilivyo, usihukumu ikiwa imeloa.

Kipimo kingine: shika uzi mmoja wa unywele ulioloa, uvute taratibu. Ukivutika kidogo ukarudi, uko salama. Ukivutika ukabaki umelegea, au ukakatika hapo hapo, usiweke chochote chenye peroksaidi. Fanya tritmenti ya protini na unyevu kwa wiki kadhaa kwanza.

Kipilipili

Samahani kuingilia, mimi pia nina chungwa. Nimenunua shampuu ya zambarau sioni mabadiliko.

FundiRangi

Hutayaona. Zambarau ni ya manjano, yaani watu walioshafika ngazi ya 9 au 10. Kwa chungwa tafuta ya bluu, na hata hiyo inapooza tu, haiwezi kazi ya tona. Na wenye nywele za manjano msiitumie kila mnapooga, inakausha na ukizidisha nywele inachukua rangi ya kijivu cha zambarau. Mara moja kwa wiki inatosha wengi.

mamaZuu

Naomba tuongelee aleji. Mdogo wangu alipaka nyeusi ya pakiti aliyoizoea miaka yote. Siku ya pili macho yamefumba kwa kuvimba, kichwa kinatoa majimaji. Mimi sielewi, kitu umekitumia miaka yote leo kinakugeukaje?

FundiRangi

Ahsante kwa swali hili mama, ningelileta mwenyewe.

Mkosaji mkubwa ni ile PPD niliyoitaja, na ndiyo inayotumika zaidi kwenye rangi nyeusi na kahawia iliyokolea. Aleji yake haizaliwi na mtu, inajengeka. Mwili unakutana nayo mara nyingi bila kelele, halafu siku moja unaitambua kama adui, na tangu hapo kila ukiigusa unapambana nayo. Ndiyo maana anayepaka miaka mingi hana kinga kwa sababu ya uzoefu. Pia dalili zinachelewa, mara nyingi zinatokea siku moja hadi tatu baada ya kupaka, ndiyo maana watu hawazihusishi na rangi.

Kuna njia nyingine ambayo watu hawaijui. Hina nyeusi ya kuchora mwilini, piko, mara nyingi ni PPD, na haina mtu anayepima imewekwa kiasi gani. Kwenye Umoja wa Ulaya sheria inataka PPD isizidi asilimia 2 kwenye mchanganyiko unaopakwa nywele. Kwenye piko hakuna kipimo, na inakaa juu ya ngozi kwa muda mrefu. Mtu anachorwa akiwa binti, mwili unaweka kumbukumbu, anakuja kupaka rangi ya nywele akiwa mtu mzima anavimba mara ya kwanza tu. Kama ulichorwa piko ukawashwa au ukapata malengelenge, usipake rangi yenye PPD hata siku moja.

Jaribio la ngozi mnalijua, tatizo ni kwamba watu hawalifanyi. Saa 48 kabla ya kupaka, weka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kama maelekezo ya pakiti yanavyosema, halafu usiguse. Lifanye kila unapopaka, hata kama pakiti ni ile ile. Saluni ikikupaka pamanenti bila kukuuliza habari ya aleji, una haki ya kuinuka kwenye kiti.

Mdogo wako asijaribu tena. Kwenye pakiti PPD inaandikwa p-phenylenediamine, ajifunze kulitambua jina hilo. Ziko rangi zilizoibadilisha kwa kemikali ya jamaa yake, lakini baadhi ya wenye aleji ya PPD hupata shida na hizo pia, kwa hiyo aende kwa daktari wa ngozi apimwe kwanza. Na kwa yeyote anayesoma: uso ukivimba au pumzi ikibana, suuza rangi na uende hospitali saa hiyo hiyo, ukaeleze kwamba umepaka rangi ya nywele.

Jambo la mwisho hapa. Msipake rangi ya nywele kwenye nyusi wala kope. Miaka ya 1930 huko Marekani kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, ndani yake ilikuwa na PPD. Kuna wanawake waliopofuka na mmoja alifariki. Kisa hicho ni kimojawapo ya vilivyosukuma sheria ya mwaka 1938 iliyoanza kudhibiti vipodozi nchini humo.

mamaZuu

Mungu akubariki. Nimempigia simu sasa hivi nikamsomea.

Mjomba K

Binti yangu, sisi wanaume tunaruhusiwa kuuliza? Mvi zangu za juu zinashika vizuri, za pembeni ya masikio zinakataa kabisa. Baada ya siku chache zinatokeza zinang'aa.

FundiRangi

Shikamoo mjomba, uzi ni wa wote.

Mvi hazina melanini, na nyingi ni ngumu, magamba yamebana, rangi inateleza juu. Za pembeni ya masikio na za mbele kwenye paji ndizo sugu zaidi. Anza kupaka hapo, kichwa kingine kifuate, ili sehemu hizo zipate muda mrefu kuliko zote. Tumia peroksaidi namba 20. Wapo wanaopandisha 30 wakidhani nguvu zaidi itafunika zaidi, lakini 30 inapausha kuliko inavyoweka, matokeo yake mvi zinabaki na rangi nyepesi inayoonyesha.

Kama unapenda shedi ya mtindo, tuseme yenye wekundu, usiipake peke yake juu ya mvi, itang'aa kupita kiasi. Changanya nusu kwa nusu na shedi asilia ya ngazi hiyo hiyo. Paka nene, usikwangue, kisha usiguse mpaka muda wa pakiti uishe.

Zikiendelea kukataa, zilainishe kwanza. Chukua peroksaidi 20 peke yake, paka kwenye zile sugu tu kwa dakika 10 hadi 15, futa kwa taulo, usioshe, halafu paka rangi.

Ushauri ambao hukuuliza: teremka kutoka nyeusi tii kwenda kahawia iliyokolea. Nyeusi inaweka mstari mkali pale mvi mpya zinapoota, kahawia inazificha kwa muda mrefu zaidi. Kwa ndevu, tumia rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya ndevu, maana ngozi ya uso ni nyepesi, na jaribio la saa 48 ni lazima.

Mjomba K

Marahaba. Na ritachi baada ya muda gani?

FundiRangi

Nywele zinaota kama sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo wengi wanarudi kati ya wiki ya 4 na ya 6. Rangi iende kwenye mashina mapya tu. Ukiivuta mpaka kwenye ncha kila mara, ncha zinalimbikiza, zinakuwa nyeusi zilizokufa, mashina kahawia, na kuzirudisha ni kazi kubwa. Ncha zikipauka, zipitishie demi au semi isiyo na nguvu.

Nuru_ya_Jioni

Mimi nina dawa kichwani, nataka nyekundu. Ile nyekundu hasa. Naambiwa nywele za dawa na rangi haviendi pamoja, wengine wanasema vinaenda. Nishike lipi?

FundiRangi

Vinaenda kwa utaratibu. Dawa ya kulainisha ina alkali kali sana na inavunja viungo vinavyoushikilia unywele ndani. Unywele uliopita hapo umeshapungua nguvu, na blichi inakuja kupunguza zilizobaki.

Utaratibu ni dawa kwanza, subiri angalau wiki 2, ndipo rangi. Usikubali dawa na pamanenti siku moja. Semi ndiyo inayovumilika, kwa sababu haina peroksaidi wala amonia. Blichi juu ya nywele za dawa mimi naikataa hata mteja akinisihi, kwa sababu siwezi kumhakikishia kwamba atatoka na nywele zake. Ziko bidhaa za kulinda viungo vya unywele, maarufu ni Olaplex iliyoingia sokoni mwaka 2014, na zinasaidia kupunguza madhara. Zisikupe ujasiri wa kufanya yasiyofanyika.

Wenye nywele za asili zilizojikunja sana nao waelewe: kila mkunjo ni sehemu dhaifu, unywele unapenda kukatikia hapo. Peroksaidi ya chini na muda mrefu ni bora kuliko ya juu na haraka haraka.

Kuhusu nyekundu, ni nzuri lakini ndiyo inayokimbia kuliko zote, kila msusi atakuambia. Juu ya nywele nyeusi bila blichi utapata wekundu wa giza, unaoonekana vizuri juani. Kama huo unakutosha, umeokoka na mengi. Namna ya kuutunza ni hii: chukua semi ya rangi ile ile, ichanganye kidogo kwenye kondishena yako, na kila unapoosha ipake kwa dakika 10. Kinachotoka unakirudisha. Valia glavu, paka mafuta mazito ya mgando kwenye ukingo wa paji na masikio, na tumia taulo la giza, maana nyekundu inachafua.

Mtetezi

Dada umeandika vizuri ila kuna kitu umeruka. Maji ya baridi yanafunga magamba. Kila mtu anajua hivyo, hata pakiti zinaandika. Mbona hujasema?

FundiRangi

Sijasema kwa sababu si baridi inayoyalaza. Ni asidi. Magamba yanainuka kwenye alkali na kutulia kwenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 4 hadi 5 hivi, na ndiyo maana kondishena nzuri zinatengenezwa hapo. Suuza kwa maji ya baridi kama barafu bila kondishena, magamba yatabaki vile vile.

Nakubaliana nawe kwenye nusu nyingine: maji ya moto ni mabaya. Yanachochea rangi kutoka. Tumia vuguvugu au ya baridi ya kawaida, hakuna haja ya kujitesa.

Basi na niwaandikie ninavyowaambia wateja wangu wakishuka kwenye kiti. Siku 2 au 3 za mwanzo usioshe kwa shampuu. Baada ya hapo osha kwa nafasi ndefu kadiri ngozi yako ya kichwa inavyoruhusu. Shampuu isiyo na sulfeti (kemikali kali za povu) ni afadhali, lakini namna ya kuosha ina uzito zaidi: isugue kwenye ngozi ya kichwa peke yake, povu linaloteremka linatosha kusafisha urefu. Watu wanakusanya nywele zote juu wanazifikicha kama wanafua, hapo rangi inabakije? Kondishena kila unapoosha. Taulo unabonyeza nalo, husugui.

Pasi ya nywele isivuke joto la nyuzi 180 za Selsiasi, na usiipitishe kwenye nywele mbichi, ile sauti ya kuchemka ni maji yanayogeuka mvuke ndani ya unywele wako. Paka kinga ya joto kwanza. Jua nalo linapausha, mionzi yake inavunja chembe za rangi. Ukiwa na saa nyingi nje, kitambaa au kofia.

Mtetezi

Nimekuelewa, na hilo la pH sikulijua. Ahsante.

Kambale_wa_Bwawa

Mimi nilifika manjano safi kabisa. Nimeogelea wiki moja tu, nywele zina ukijani. Ni klorini?

FundiRangi

Klorini inabebeshwa lawama, lakini kijani kinatokana na shaba iliyomo kwenye maji. Inaoksidika, kama chuma kinavyopata kutu, inashika kwenye unywele, na nywele zilizoblichiwa zinainywa kwa sababu zimejaa matundu. Tafuta shampuu ya kuondoa madini, kwenye viambato iwe na EDTA, kemikali inayoyanasa madini. Iache dakika kadhaa, suuza, weka kondishena nzito. Safari ijayo kabla ya kuingia majini loanisha nywele kwa maji safi na upake kondishena. Unywele ulioshiba hauna nafasi ya kunywa mengine. Kofia ya kuogelea juu yake.

Binti_Hina

Napaka hina miaka mingi, sasa nataka kublichi. Nimeambiwa nywele zitaungua moto. Ni kweli au ni kutishana?

FundiRangi

Inategemea hina gani. Hina halisi ni majani ya mmea, ndani yake kuna losoni inayojishika kwenye keratini, protini inayoujenga unywele. Inatoa wekundu wa chungwa tu, haina ujanja mwingine. Hiyo haiungui na peroksaidi, ila ni ngumu kutoka, na blichi juu yake mara nyingi inaacha chungwa lisilokubali kuondoka.

Hatari ni zile pakiti zinazoitwa hina huku zikitoa nyeusi, kahawia, kila rangi. Baadhi zina chumvi za metali. Chumvi hizo zikikutana na peroksaidi zinazalisha joto, nywele zinafuka na kukatika. Huna haja ya kubahatisha. Kata kishungi kidogo mahali pasipoonekana, kitumbukize kwenye peroksaidi 20 iliyotiwa matone machache ya amonia, kwenye chombo cha kioo, ukiwa na glavu na madirisha wazi. Kisubiri nusu saa. Kikipata joto, kikitoa mapovu au harufu mbaya, au rangi ikageuka ghafla, usithubutu kuweka blichi kichwani. Hapo njia ni kusubiri ziote mpya na kukata za zamani.

Kipilipili

Wigi je? Nataka kulipaka.

FundiRangi

Kama ni nywele za binadamu linakubali, lakini unywele huo hauongezewi mafuta na ngozi, kwa hiyo kondishena iwe nyingi na blichi iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa. Kama ni nyuzi za plastiki, rangi ya nywele haiingii. Ukitaka kujua lipi ni lipi, choma uzi mmoja: wa binadamu unanuka unywele ulioungua na kuwa majivu, wa plastiki unayeyuka ukawa kidonge kigumu.

Nuru_ya_Jioni

Na mjamzito?

FundiRangi

Kinachopita kwenye ngozi ni kidogo, na madaktari wengi hawakatazi. Wengi wanashauri usubiri miezi 3 ya kwanza ipite. Chumba kiwe na hewa, usizidishe muda. Ikiwa una wasiwasi, rangi ipakwe kwenye nywele tu bila kugusa ngozi. Muulize anayekuhudumia kliniki, yeye anaijua hali yako.

Zamda

Mimi ndiye wa mwisho labda. Nilipaka nyeusi ya pamanenti mara nyingi sana, sasa nimeichoka. Nikipaka kahawia juu yake haionekani kabisa. Nimeweka hata iliyo hafifu zaidi, hamna kitu.

FundiRangi

Haitaonekana dada. Rangi haiitoi rangi. Peroksaidi iliyomo kwenye pamanenti inaipausha melanini ya asili, chembe za rangi bandia haiziwezi. Kilichotokea ni kwamba mashina yaliyoota karibuni yamekubali kahawia, urefu umebaki nyeusi. Angalia kwenye kioo juani utaona mpaka.

Una njia mbili. Ya kwanza ni blichi, ambayo itapita kwenye tabaka zote ulizolimbikiza na itakula na melanini yako. Ya pili, ambayo mimi ningeanza nayo, ni kiondoa rangi kisicho na blichi. Kina harufu mbaya ya kiberiti, na kinafanya kinyume cha peroksaidi: kinazivunja zile chembe kubwa zirudi kuwa ndogo, zitoke na maji. Melanini hakiigusi, kwa hiyo utaishia karibu na rangi ya asili, pengine na wekundu kidogo kutokana na zile peroksaidi za zamani.

Wengi wanafeli kwenye kusuuza. Chembe zilizovunjwa bado zimo ndani zikiwa ndogo, na zikikutana na oksijeni au peroksaidi zinaungana upya. Mtu analala na kahawia, baada ya siku mbili ana nyeusi yake ile ile. Suuza kwa muda wote ulioandikwa kwenye pakiti, usikatishe kwa sababu mikono imechoka. Hapa ndipo mahali pekee kwenye uzi huu ninapokuambia maji mengi ni rafiki yako. Kisha usiweke chochote chenye peroksaidi kwa wiki moja au mbili. Ukitaka kusawazisha rangi mapema, tumia semi.

Zamda

Kwa hiyo nikishaondoa, hata demi hapana?

FundiRangi

Hapana, demi nayo ina peroksaidi, hata kama ni kidogo. Semi tu, na kishungi cha majaribio kwanza. Kikikaa siku tatu bila kurudi kuwa cheusi, endelea na kichwa chote.